Besi Ikitangulia: Mafunzo Niliyopata Kati ya Luhwindja na Bukavu

Vijana wanaokuja kwangu hapa Bukavu na gitaa la besi begani huomba kitu kimoja: vidole vyepesi. Wameona kwenye simu zao mabingwa wanaokimbia juu ya nyuzi bila kupumua, nao wanataka kufika huko kabla ya Krismasi. Sina ugomvi na haraka yao; hata mimi nilikuwa nayo. Ila kabla sijamfundisha mtu kukimbia, humwekea nyimbo kadhaa za zamani za roki, zile ambazo besi ndiyo inayoingia ya kwanza, peke yake au karibu peke yake. Wapo wanaonitazama kwa huruma. Mzee amechoka, anatuletea Wazungu wenye nywele ndefu.

Sababu yangu ni hii. Sisi tumekulia kwenye rumba, na katika rumba mlango hufunguliwa na gitaa la solo. Gitaa la mi-solo hufuata, waimbaji hupanga sauti, na besi hukaa chini yao wote, imefunikwa vizuri. Ukikosea, anajua mpiga ngoma tu, na mpiga ngoma unaweza kumnunulia bia. Katika nyimbo ninazozisema hakuna wa kukufunika. Noti ya kwanza ni yako, na ukumbi mzima unautambua wimbo kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Mimi nilizaliwa Luhwindja, kwenye baridi ya milima ya Mwenga. Nikapigia besi kwaya na okestra za Bukavu ambazo leo zinakumbukwa na wale waliokuwa wakizidai tu. Kazi yangu niliijua vizuri pale nilipojaribu kuanza nyimbo za aina hiyo mbele ya watu.

1. Redio ndogo hukuficha nusu ya wimbo

Mjomba wangu alikuwa mchimbaji. Siku alipopata dhahabu ya kutosha alinunua radiokaseti, na pamoja nayo kaseti iliyonakiliwa kutoka kaseti nyingine, nayo ikatoka Mungu anajua wapi. Humo mlikuwa na wimbo wa Queen wa mwaka 1980, "Another One Bites the Dust". Maneno hatukuyaelewa hata moja. Nilichosikia ni kitu kinachogonga mwanzoni, kikavu, chenye kutembea, nikaamini ni gitaa la kawaida ambalo mtu ameziba nyuzi zake kwa kiganja. Nikajifunza kulipiga hivyo kwenye nyuzi nyembamba, kisha nikawafundisha wenzangu kwa ujasiri wa mtu asiyejua.

Baadaye nikashuka Bukavu. Jioni moja nikapita karibu na baa ya Kadutu yenye bafle kubwa, na wimbo uleule ukaanza. Safari hii uliniingia kwenye mbavu. Nilisimama katikati ya njia mpaka mama mmoja aliyebeba beseni la sambaza akaniuliza kama mimi ni mgonjwa.

Maelezo niliyapata miaka mingi baadaye, na bado yananishangaza. Uzi mnene kuliko yote wa besi hutetemeka mara 41 hivi kwa sekunde. Spika ya redio ndogo haiwezi kuitoa sauti ya chini namna hiyo. Inachotoa ni sauti za juu zinazozaliwa pamoja na noti hiyo, ile ya mitetemo 82, ya 123 na zinazofuata, halafu ubongo wa msikilizaji huijenga yenyewe ile ya chini isiyokuwepo. Kwa hiyo kule Luhwindja tulikuwa tukisikiliza kivuli cha besi. Na hapa ndipo nilipomheshimu John Deacon, mpiga besi wa Queen, ambaye ndiye aliyeutunga wimbo ule: kivuli chake kilitosha. Noti zake ni fupi, zimekatwa mapema, na pembeni yake hakuna fujo, hata spika mbovu inashindwa kuziharibu. Sauti inayoimba ni ya mtoto wa Unguja, Farrokh Bulsara, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946 na kujulikana duniani kama Freddie Mercury. Lakini watu huinuka vitini kabla yeye hajaanza kuimba.

Jaribio ninalowapa wanafunzi limetoka hapo. Tunga mwanzo wako, urekodi, kisha uusikilize kwenye spika ya simu, na vipokea sauti vya masikioni viweke mfukoni. Watu wako watakusikia kwenye simu, sokoni na juu ya pikipiki. Kama pale hautambuliki, simu haina kosa. Punguza noti.

2. Acha mahali patupu

Nilipopata nafasi ya kupiga besi katika kwaya, nilidhani nimealikwa kuonyesha. Kila palipokuwa na upenyo nilitia kitu: ngazi ya kupanda, ngazi ya kushuka, na mara moja, katikati ya wimbo wa kutolea sadaka, kipande cha sebene. Kiongozi wa kwaya, mama mpole sana, alinisogelea baada ya ibada akasema: «Papa, leo tumeimba nyimbo mbili kwa wakati mmoja. Ya kwetu na ya kwako.» Kisha akanipa mkono wa heri. Afadhali angenitukana.

Nilirudi kwenye kaseti ya Deacon, nikahesabu upya. Mwanzo wake ni noti moja inayorudiwa, halafu hakuna kitu. Halafu vinyundo vichache, halafu tena hakuna kitu. Mtu huanza kutikisa kichwa ndani ya ile nafasi tupu, kwa sababu ameachiwa kazi ya kuijaza. Deacon mwenyewe alikuwa amekaa karibu na Wamarekani wa bendi ya Chic, ambao wimbo wao "Good Times" wa mwaka 1979 una besi ya Bernard Edwards yenye tabia hiyohiyo. Kabla yao alikuwepo James Jamerson wa Detroit, aliyepiga besi kwenye nyimbo nyingi mno za Motown akitumia kidole kimoja tu cha mkono wa kulia, kile cha shahada. "My Girl" ya The Temptations, ya mwaka 1964, inaanza na besi yake: noti chache zinazogonga polepole, kisha gitaa linaingia. Mtoto wa shule anaweza kuzipiga. Kuzipiga ziwe na uzito ule ni jambo jingine, na ndiyo maana bado najaribu.

Kilichonishangaza zaidi ni kugundua kwamba nilikuwa nimesafiri mbali kutafuta kitu kilichokuwa kwetu. Rumba ya Kongo ilinyonya kwenye sahani za Kuba, zile za mfululizo wa GV zilizoanza kusambaa miaka ya 1930, na besi ya Kuba ina mazoea ya kulikwepa pigo la kwanza. Huingia kabla, hushikilia, huliacha pigo lenyewe lipite. Sikiliza besi ya bendi ya African Jazz katika "Indépendance Cha Cha", iliyorekodiwa Brussels mwaka 1960 wakati wakubwa wa nchi wakiwa kwenye mkutano wa Meza ya Mviringo kuhusu uhuru. Mpiga besi ni Armand Brazzos, aliyeazimwa kutoka bendi ya OK Jazz. Hakuna anayekimbia pale. Wazee wetu walikuwa wakiacha nafasi zamani, ila walifunikwa na magitaa matamu kiasi kwamba sikuwahi kuwasikia. Ilibidi Mwingereza anivulie lile blanketi.

3. Saba ihesabu kwa miguu

Wimbo wa "Money" wa Pink Floyd, kutoka albamu ya mwaka 1973 "The Dark Side of the Moon", unaanza kwa milio ya sarafu, karatasi inayochanwa na mashine ya kupokelea fedha dukani. Milio hiyo ilikatwa kwenye vipande saba vya utepe wa kurekodia, vikapimwa kwa rula na kuunganishwa kuwa duara. Juu ya duara hilo Roger Waters anaingia na besi. Yeyote aliyekulia Luhwindja atacheka kidogo, maana kwetu fedha haina mlio. Mnunuzi wa dhahabu ana mizani ndogo ya mkononi, na mawe yake ya kupimia ni vijiti vya kiberiti na sarafu za zamani zisizonunua kitu. Kazi ya shimoni ya wiki nzima inaamuliwa kimya, kwa kijiti kimoja cha kiberiti.

Turudi kwenye besi. Mstari wa Waters una mapigo saba, na sisi tumezoea manne. Nilipouleta kwenye mazoezi, mpiga ngoma wetu, aliyefunzwa kanisani, aliongeza pigo la nane kila mara, kwa imani kamili, na mimi nikawa namlaumu yeye. Ukweli ni kwamba nami nilikuwa nimeukariri mstari bila kuuelewa. Tukianza pamoja tulikuwa sawa. Akiongeza la nane nami nilipotea, kwa sababu nilikuwa nikimfuata huku nikijidai namwongoza. Anayeanza wimbo ndiye anayebeba hesabu yake. Hilo halina njia ya mkato.

Dawa niliipata njiani, nikiwa napanda mlima kwenda nyumbani. Ukitembea huku ukiimba mstari wa mapigo saba, pigo la kwanza litaangukia mguu wa kushoto, duru ifuatayo litaangukia wa kulia, kisha litarudi kushoto. Mapigo manne hayafanyi hivyo kamwe. Yanabaki mguu uleule mpaka ufike. Tangu siku ile namwambia mwanafunzi aache kuhesabu kwa mdomo. Tembea. Mwili ukishaona ajabu kwamba moja imehamia mguu mwingine, umeshaelewa, na hutaongeza la nane tena. Gawa nne na tatu kama unahitaji msaada, lakini tembea.

Faraja moja: hata wao hawakuivumilia saba mwanzo hadi mwisho. Saksafoni ya Dick Parry inapiga ndani ya saba, lakini ikifika zamu ya gitaa la David Gilmour wimbo unahamia nne, na mtu anasikia kabisa jinsi bendi inavyopumua.

4. Usisubiri chombo kizuri, wala usikisifu kibovu

Besi yangu ya kwanza ilikuwa ya mbao iliyochongwa kijijini, na nyuzi zake mbili za chini zilikuwa waya wa breki za pikipiki. Nilikuwa na hakika kwamba siku nikipata Fender halisi, aina ile aliyoitoa Leo Fender Marekani mwaka 1951, nitapiga kama watu wa kwenye kaseti. Kwa hiyo nilingoja. Nilingoja kwa bidii sana, nikiwaeleza watu wote kwa nini sijawa mkubwa bado.

Ninachotamani ningekijua wakati ule ni kisa cha Deacon yuleyule. Alikuwa mwanafunzi wa elektroniki London. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliokota kipande cha saketi kwenye pipa la taka za ujenzi, akakifunga ndani ya kasha la spika ya rafuni, akakitia betri. Kikasha hicho kikawa amplifaya, na mpiga gitaa Brian May akakitumia kwenye rekodi za Queen miaka na miaka. Na huku kwetu, Konono N°1 wa Kinshasa, bendi ya marehemu Mawangu Mingiedi, walizitia likembe zao umeme kwa sumaku za vipuri vya magari ya zamani. Moja ya likembe hizo ni ya besi, na inafanya kazi yote ambayo gitaa la Fender lingefanya.

Lakini sitakudanganya. Wapo wanaopenda kusema umaskini ni mwalimu mzuri. Mimi nimesoma kwake na ninasema ni mwalimu mbaya, hupiga sana na kufundisha kidogo. Waya wa breki unashika kutu, haushiki tuni, na unakula vidole. Shingo ya gitaa ikipinda, masikio yako yatazoea noti za uongo, na kuyarudisha ni kazi ndefu. Kama una fedha kidogo, zitumie kwenye nyuzi halali na kunyoosha shingo. Rangi na jina la kampuni vitakuja baadaye.

5. Kidole gumba cha wazee

Hili ni fupi. Muda wote nilipokuwa nikitafuta besi kwenye kaseti za Wazungu, mjomba wangu huyohuyo alikuwa akipiga gitaa kavu jioni, kwa mtindo wa Katanga. Nilimwona ni mtu wa zamani. Mtindo ule ndio wa Mwenda Jean-Bosco, ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 kule Jadotville, Likasi ya leo, akipiga "Masanga". Mtu mmoja, gitaa moja, vidole viwili: kidole cha shahada kinaimba juu, kidole gumba kinatembea chini. Kidole gumba ndicho besi. Hata lulanga, zeze la kwetu Washi, lina nyuzi za chini zinazorudi na kurudi wakati mzee anasimulia. Mwanafunzi wangu asiye na besi huanza na gitaa lolote na kidole gumba chake. Vile vingine vinne nimemkataza kwa muda. Huwa wanalalamika.

6. Rekodi kabla ya kwenda kula

Mwaka 1981 Queen walikuwa na David Bowie studioni Montreux, Uswisi. Kwa masimulizi ya bendi yenyewe, Deacon akapata kile kipande kidogo cha besi ambacho leo kinaanzisha "Under Pressure". Wakaenda kula piza. Waliporudi, alikuwa amekisahau kabisa, na Roger Taylor, mpiga ngoma, ndiye aliyekikumbuka.

Mimi sikuwa na Roger Taylor. Niliwahi kupata mwanzo mmoja mzuri nikiwa Nguba, hapa Bukavu, umeme umekatika, nikiwa peke yangu na gitaa lisilo na sauti. Nikajiambia kitu kizuri hivi hakiwezi kusahaulika. Asubuhi nilikumbuka furaha tu. Ninyi mna simu mfukoni, zenye kinasa sauti kisichodai chochote ila kubonyezwa. Sioni udhuru wowote. Imba kwa mdomo kama gitaa halipo. Sema na tarehe kwa sauti. Sababu ya tarehe inafuata.

7. Uliza jina lako litaandikwa wapi

Hapa ndipo ninapokuwa mkali kidogo, na vijana hushangaa, kwa kuwa walidhani tunazungumzia muziki.

Mwaka 1972 Lou Reed alirekodi "Walk on the Wild Side". Wimbo unafunguliwa na besi mbili zinazoteleza, moja nene ya kusimama, nyingine ya umeme juu yake, na ukizisikia huwezi kuzichanganya na wimbo mwingine wowote duniani. Zote mbili zilipigwa na mtu mmoja, Herbie Flowers, mpigaji wa kukodiwa, ambaye ndiye aliyetoa wazo la kuziweka pamoja. Alieleza mwenyewe, bila kinyongo, kwamba katika kazi za studio mtu akipiga ala mbili hulipwa mara mbili. Akachukua malipo yake akaenda nyumbani. Mwaka 1990 vijana wa A Tribe Called Quest waliujenga wimbo wao "Can I Kick It?" juu ya besi zilezile, na fedha zilikwenda kwa Lou Reed, kwa sababu jina kwenye karatasi ya utunzi lilikuwa la Reed. Flowers alifariki mwaka 2024.

Sasa mweke pembeni yake Deacon. "Another One Bites the Dust" ilifika nambari moja Marekani, na kwenye karatasi mtunzi ni yeye peke yake. Na pale Vanilla Ice alipoitumia besi ya "Under Pressure" bila idhini katika "Ice Ice Baby", mambo yakaishia kwa majina ya Queen na Bowie kuongezwa kwenye utunzi. Tofauti kati ya wapiga besi hawa wawili haikuwa vidoleni.

Mimi niko upande wa Flowers, bila umaarufu wake. Niliwahi kumpigia mwimbaji mmoja mwanzo wa wimbo, nikautunga palepale studioni wakati wengine wanatafuta petroli ya jenereta. Nililipwa nauli na sahani ya ugali na sombe. Wimbo ulipendwa, ukaanza kupigwa kwenye harusi, na kila ukianza watu hushangilia zile noti zangu nne kabla hajaimba neno. Nilikuwa nakaa mezani nikijipigia makofi kimoyomoyo. Mke wangu aliniuliza mara moja kwa nini natabasamu hivyo wakati tuna deni la shule, na sikuwa na jibu ambalo lingemridhisha mama wa watoto sita.

Si kila kipande cha besi ni utunzi, na sikushauri ugombane na kila mwimbaji anayekupa kazi, utabaki nyumbani. Kupiga ulichoelekezwa kuna malipo yake ya siku, na ni kazi halali. Lakini kama mwanzo wa wimbo umetoka kichwani kwako, sema hilo kabla mashine haijawashwa, si baada ya wimbo kupendwa. Nchini kwetu shirika la haki za watunzi ni SOCODA, na jina linaloandikishwa huko ndilo linalohesabika. Leta ile rekodi ya simu yenye tarehe. Chukua karatasi yoyote, hata ya daftari la mtoto, andika jina la wimbo, siku, na nani ametunga nini, kwa Kifaransa au kwa Kiswahili. Mwenye studio anaweza kucheka. Mwache acheke, mradi atie sahihi.